Ukikaribishwa Mezani Ujerumani, Usijivunge

Usiku wangu wa kwanza Freiburg nililala na njaa, na chakula kilikuwapo. Mama mwenyeji aliniuliza kama nitakula. Mimi, mtoto wa Tanga niliyefundwa, nikajibu, "Hapana, asante," nikingoja anibembeleze. Wapi! Alifunika jibini, akaniambia lala salama.

Basi wewe unayekwenda kujitolea na kuishi na familia, ukiulizwa na una njaa, sema ndiyo hapohapo. Wala usingoje wali usiku. Nyumba nyingi hupika mchana. Jioni ni mkate, jibini, soseji na matango ya siki, vyote baridi. Kama huli nguruwe, waandikie kabla hujapanda ndege, maana soseji nyingi ni zake. Mimi wiki ya pili niliomba jiko, nikapika wali kwa tui la kopo. Si kama la kukuna, lakini sufuria ilirudi tupu.

Karatasi usizicheleweshe. Unatakiwa kujiandikisha manispaa ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na mwenye nyumba lazima akusainie fomu kwamba unakaa kwake. Mwombe siku ya pili tu, usione haya.

Takataka ni somo zima: karatasi pipa lake, maganda ya ndizi lake, plastiki za vifungashio lake. Nilipiga picha kila pipa kwa simu. Chupa ya plastiki ya maji au soda usiitupe. Nyingi umezilipia amana ya senti 25 za yuro, ukirudisha chupa kwenye mashine dukani unarudishiwa. Jumapili maduka yamefungwa, kwa hiyo nunua mahitaji Jumamosi. Jumapili pia usiwashe mashine ya kufyonza vumbi, na kila siku kuanzia saa nne usiku punguza sauti, hata ukiongea na nyumbani.

Kilichonishangaza zaidi ni madirisha. Januari, nje barafu, mama anazima hita na kuyafungua yote dakika tano! Nilidhani nafukuzwa kistaarabu. Kumbe mvuke wa kuoga na kupika usipotoka, ukuta unaota kuvu. Sasa fungua mwenyewe kila asubuhi, usingoje kuambiwa.

Na mlango wa chumba ukifungwa, hakuna aliyekasirika. Gonga tu. Mimi nilikuwa napiga hodi kwa Kiswahili. Kufikia Pasaka mtoto wao wa miaka mitano alikuwa akiitikia "karibu" kabla sijagusa kitasa.