Mbwa mwenye nguvu kutoka kituo cha uokoaji: kumzoesha nyumba na mtaa wa Malindi

Kosa la kawaida ni kumfungulia kila kitu siku ya kwanza: uwanja mzima, wageni, pwani, mbwa wa jirani. Mbwa mwenye nguvu nyingi akipewa yote hayo kwa pamoja hupagawa, na wiki ya pili anarudishwa kituoni akiitwa mkali, hali hakuwa mkali. Mwanzoni anahitaji eneo dogo, kamba, na saa zisizobadilika. Uhuru ataongezewa kidogo kidogo.

Kabla hujamchukua, uliza kituoni amechanjwa lini na kama cheti kipo, amehasiwa au bado, hufanyaje akiona kuku na mbuzi, na hufanyaje mtu akikaribia chakula chake. Mtembeze mwenyewe kwa nusu saa. Dakika za mwanzo atavuta kwa msisimko, kwa hivyo zisikutishe. Mwangalie anavyokuwa baada ya hapo. Akianza kunusa ardhi na kugeuka kukutazama, huyo anafundishika upesi.

Ua na vifaa

Uzio wa makuti haumzuii mbwa wa kilo 30. Ukuta uwe na mita 1.8 kwenda juu, na kando yake pasiwe na tangi, kuni wala matofali ya kukanyagia. Chini ya lango na kandokando ya uzio laza mawe mazito, kwani mchanga wetu huchimbika kwa dakika chache.

Nunua mkanda wa kifua wenye pete kwa mbele. Kamba ikifungwa mbele, mbwa akivuta hugeuzwa upande badala ya kupata nguvu zaidi. Uwe na kamba fupi ya mita 2 na ndefu ya mita 10, zote za utepe mpana; kamba nyembamba ya nailoni itakuchana viganja. Chagua kifungio cha shaba. Vya chuma cha bei rahisi huliwa na hewa ya chumvi, na kwa nje huonekana vizima mpaka siku vinapokatika mkononi. Vikague kila wiki.

Ukimleta kwa tuktuk, kumbuka pembeni ni wazi. Mbwa akae sakafuni katikati ya miguu yako, kamba fupi, imefungwa kwenye mkanda wa kifua na wa shingo kwa pamoja.

Siku za kwanza

Siku tatu za mwanzo mpe mahali pamoja penye kivuli, maji na kitu cha kulalia. Asioshwe, asiletewe wageni, watoto wasimkumbatie. Keti karibu naye ukimpa ubavu, usimkazie macho, umwache aje mwenyewe. Mbwa anayelamba midomo bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, au anayeonyesha weupe wa jicho anasema amezidiwa. Rudi nyuma. Na akinguruma usimpige: mbwa anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kuonya.

Chakula kiwe kile alichokula kituoni, kisha changanya kipya kidogo kidogo kwa siku 7, la sivyo ataharisha. Gawa mara mbili kwa siku, saa zile zile. Ugali na omena zilizochemshwa bila chumvi anakula vizuri, ila visiwe chakula chake cha pekee. Makombo ya pilau na biriani usimpe kabisa: yamejaa vitunguu, na kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo huvunjika vipande vyenye ncha vinavyotoboa matumbo.

Katika wiki hiyo hiyo mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Mwombe daktari amwangalie minyoo, homa za kupe, minyoo ya moyo inayoletwa na mbu, na uvimbe wa sehemu za siri, ambao mbwa wa mtaani huambukizana kwa kupandana.

Kupe ndio adui wa kila siku. Kagua ndani ya masikio, katikati ya vidole na chini ya mkanda wa shingo. Mshike kupe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute moja kwa moja. Usimchome wala kumpaka mafuta ya taa. Kupe wa mbwa hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa, na kuta za mawe ya matumbawe zina nyufa tele. Ukimtibu mbwa pekee, mwezi ujao wamerudi. Ziba nyufa za pale anapolala, upake chokaa. Wengine huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe wakaipima kwa macho, na mbwa hufa kwa sumu hiyo. Tumia dawa ya mbwa, kwa kipimo cha uzito wake.

Kuchosha mwili na akili

Mtoe alfajiri, na tena baada ya saa kumi na moja jioni, dakika 30 hadi 45 kila mara. Mchana wa miezi ya joto, kuanzia Februari hadi Aprili, abaki kivulini. Weka mgongo wa mkono juu ya lami au mchanga kwa sekunde 7. Usipovumilia, nyayo zake nazo hazitavumilia. Akihema kwa nguvu, ufizi umekuwa mwekundu sana na anayumba, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, kisha kwa daktari upesi.

Akivuta, simama. Usimvute nawe. Kamba ikilegea, endelea. Hatua ishirini za mwanzo zinaweza kuchukua robo saa, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kinachoharibu zaidi ni mtu mmoja nyumbani kumwacha avute: mbwa hujifunza kwamba kuvuta wakati mwingine hufanikiwa, akavuta kwa bidii zaidi. Wote mtumie maneno yale yale, "kaa", "njoo", "acha", na kijipande cha samaki kila anapotii. Mafunzo yawe ya dakika 5 tu, mara tatu kwa siku. Kumfichia chakula chini ya vifuu vya nazi akitafute kwa pua humchosha kuliko kukimbia.

Pwani

Wavuvi wakipata bunju, samaki mwenye sumu, humtupa ufuoni, na bunju akiliwa humpooza mbwa mpaka pumzi inakatika. Sumu yake haina dawa ya kuizima. Mfundishe "acha" nyumbani kwanza, na karibu na madau kamba isizidi mita 2. Hapo pia pana ndoana ndani ya vichwa vya samaki. Mpe maji baridi kabla ya kumfikisha pwani, maana akinywa ya bahari atatapika na kuharisha. Sehemu zenye viota vya kasa asifunguliwe kamwe. Mbwa mmoja anaweza kufukua kiota kizima usiku mmoja.

Majirani

Jambo hili lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Waislamu wengi wa hapa ni wa madhehebu ya Shafii, ambamo mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Jirani anayeelekea msikitini akarambwa kanzu amelazimika kurudi nyumbani, na hana sababu ya kulichukulia jambo hilo kama mchezo. Kwa hivyo usimpitishe mbele ya msikiti wakati wa sala, wala karibu na baraza walipoketi watu. Kwenye vichochoro mweke upande wa ukuta, wewe ukiwa katikati yake na wapita njia. Akitoka baharini, asijikung'ute karibu na mtu. Nenda mwenyewe kwa majirani, usalimie, uwaonyeshe cheti cha chanjo, uwaambie saa unazomtoa. Akiua kuku au mbuzi, lipa siku hiyo hiyo bila kubishana.

Akimuuma mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni mkwaruzo tu.

Baada ya miezi mitatu hivi tabia yake halisi huwa imejitokeza. Hapo anza kuiacha kamba ya mita 10 iburute chini mahali penye uzio, umwite huku mwenzako akitembeza kuku nje ya uzio huo. Akija mara tisa kati ya kumi, kwa siku kadhaa mfululizo, mfungulie humo humo ndani ya uzio. Asipofika hapo, rudi kwenye kamba fupi kwa wiki mbili ujaribu tena. Wako mbwa wa kuwinda ambao nje ya ua hawafunguliwi maisha yao yote, na wanaishi vizuri.