Damu inayodondoka sehemu za siri za mbwa: tafuta uvimbe kabla ya kuandika antibiotiki

Mbwa anayedondosha damu kwenye govi au ukeni mara nyingi hutibiwa kama mgonjwa wa njia ya mkojo. Wiki zinapita, damu haikatiki. Kwa mbwa wanaozurura na kupandana ovyo, anza kutafuta saratani ya kuambukiza ya sehemu za siri. Hailetwi na kirusi: seli zenyewe za saratani huhama kutoka mbwa hadi mbwa wanapopandana, kulambana au kunusana. Inatibika vizuri, ila ithibitishe kwanza.

1. Tenga dharura. Anayejikamua bila kutoa mkojo, uume uliokwama nje ukaanza kukauka, au uvimbe wa kinenani wenye maumivu na kutapika: aonwe na daktari siku hiyo hiyo.

2. Mfunge mdomo kwa bandeji, hata kama ni mpole, na uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.

3. Tazama mpaka kwenye shina. Kuvuta govi kidogo na kuona ncha safi si uchunguzi. Uvimbe huu hupenda kujificha nyuma ya vifundo viwili vya shina la uume, pale govi linapojikunja. Mlaze ubavu, vaa glovu. Mkono mmoja usukume uume mbele kutokea nyuma, mwingine urudishe govi nyuma, hadi shina lote litokeze. Akiumia, apewe dawa ya kumtuliza, ukilazimisha utamchana. Osha damu kwa maji ya chumvi ya 0.9%, ndipo utazame. Unatafuta nyama nyekundu yenye vinundu kama koliflawa, inayomeguka na kuvuja damu ukiigusa. Vifundo laini vilivyolingana pande zote mbili, vinavyovimba mbwa akisisimka kisha vikanywea, ni maumbile yake. Visiguswe na kisu. Ukimaliza, hakikisha uume umerudi wote ndani na nywele za mdomo wa govi hazikuvutwa nao.

Kwa jike, ingiza kidole chenye jeli ukeni. Kutazama nje tu hakutoshi. Nyama laini ya waridi inayochomoza akiwa kwenye joto kwa kawaida ni ukuta wa uke uliovimba kwa homoni, na hunywea joto likiisha. Hiyo haihitaji dawa ya saratani.

Korodani moja ikikua kuliko mwenzake, huo ni ugonjwa mwingine. Hutibiwa kwa kuhasi.

4. Chukua sampuli. Futa damu ya juu, gusisha slaidi kwenye nyama mara kadhaa, kausha kwa hewa, gandisha seli kwenye slaidi kwa methanoli, paka rangi ya Giemsa. Kwenye hadubini utaona seli za mviringo zenye kiini kikubwa, na vitundu vyeupe vilivyojipanga ndani ya seli. Kipimo hiki ni rahisi mno, hakuna sababu ya kukiruka.

5. Vinkristini (dawa ya saratani), si kisu. Ukikata peke yake, mara nyingi uvimbe hurudi. Daktari hutoa 0.025 mg kwa kila kilo, ndani ya mshipa, mara moja kwa wiki, bila kuzidi 1 mg kwa sindano. Mbwa wa kilo 20 hupata 0.5 mg. Wengi hupona kwa sindano 4 hadi 6.

Tumia kanula (mrija mdogo wa kuingiza dawa mshipani) mpya kila mara, na ujaribu kwa maji ya chumvi kabla ya dawa. Ikivuja nje ya mshipa, nyama huoza. Ikitokea, usichomoe kanula: vuta kwanza dawa iliyobaki, kisha kanda kwa maji ya moto kiasi. Barafu huzidisha madhara ya dawa hii. Pima damu kabla ya kila sindano. Chembe nyeupe zikiwa chini ya 4,000 kwa mikrolita, ahirisha. Mbwa wa aina ya Collie na jamaa zake huweza kuwa na kasoro ya kijeni inayowafanya wadhurike na dozi ya kawaida.

Nyumbani, mkojo na kinyesi cha mbwa huyu vishikwe kwa glovu siku chache baada ya sindano, na mjamzito asivisafishe.

6. Asipande wala kupandwa hadi uvimbe uishe. Kuhasi hupunguza uwezekano wa maambukizi mapya, hakutibu. Uvimbe usipopungua baada ya sindano tatu, rudia slaidi kabla ya kubadili dawa.