Digrii ya Ushauri Nasaha Unayo, Cheti cha Shule Bado: Njia ya Kufuata Marekani

Shule ya umma Marekani haikuajiri kuwa mshauri nasaha kwa sababu tu umesomea ushauri nasaha. Inakuajiri ukiwa na kibali cha jimbo, na kibali hicho hutolewa na mamlaka ya elimu ya jimbo, si chuo chako wala serikali ya Washington. Kwingine ni cheti, kwingine leseni. Hapa nitakiita cheti.

Kwa hiyo kabla hujalipa hata senti moja ya ada, amua utaishi jimbo gani, kisha fungua tovuti ya idara ya elimu ya jimbo hilo na usome masharti yote mwenyewe. Usitegemee maneno ya mwenzako aliyepita njia hiyo jimbo jingine. California, kwa mfano, inataka mafunzo ya uzamili yasiyopungua krediti 48 za muhula, ilhali programu zenye ithibati ya CACREP, chombo cha Marekani kinachoidhinisha programu za ushauri nasaha, huwa na krediti zisizopungua 60. Yapo pia majimbo yanayomwekea aliyewahi kuwa mwalimu masharti tofauti na asiyewahi kufundisha.

Wengi hukwama kwenye kuchanganya vibali. Leseni ya mshauri wa kliniki, ile ya LPC au LMHC, ni ya kutibu watu kwenye vituo vya afya ya akili. Peke yake haikupi nafasi ya mshauri wa shule. Vyeti vya kitaifa, kama kile cha NBCC, bodi ya kitaifa ya vyeti vya washauri, au cha chama cha washauri wa shule, American School Counselor Association (ASCA), vinapendezesha wasifu wako lakini ni vya hiari. Havishiki nafasi ya cheti cha jimbo, kwa hiyo visitangulie.

Kama ulisomea nyumbani, iwe Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, matokeo yako lazima yatathminiwe. Omba tathmini ya somo kwa somo, si ile fupi inayosema tu kwamba digrii yako inalingana na ya Marekani, kwa sababu jimbo linataka kuona umesoma nini. Na usichague kampuni ya tathmini kwa bei. Angalia kwanza orodha ya zinazokubaliwa na jimbo. Majimbo mengi hutaka zilizo wanachama wa NACES, umoja wa kampuni za kutathmini vyeti vya nje. Chuo chako kitatakiwa kutuma transkripti moja kwa moja, na hilo linaweza kuchukua muda mrefu, basi lianze mapema. Omba pia muhtasari wa kila somo ulilosoma, kwa sababu jina la somo peke yake halielezi mlichofundishwa. Mwenye shahada ya kwanza pekee ajiandae kusoma uzamili, maana karibu majimbo yote huudai.

Sasa tuje kwenye saa za mafunzo kwa vitendo, kwani hapa ndipo digrii nyingi nzuri hupungukiwa. Viwango vya CACREP vinadai saa 100 za awali, 40 kati yake ukiwa na wanafunzi ana kwa ana, kisha saa 600 za mafunzo kamili, 240 zikiwa za ana kwa ana. Kwa anayetaka cheti cha shule, saa hizo hufanyika shuleni, chini ya mshauri mwenye sifa. Ukiwa ulizifanya hospitalini au kwenye kituo cha ushauri, jimbo linaweza kuzikataa hata kama kazi yako ilikuwa bora. Dawa yake, kwa maoni yangu, si kurudia uzamili mzima. Tafuta chuo chenye programu fupi ya ushauri wa shule kwa watu ambao tayari wana uzamili wa ushauri nasaha. Utasoma masomo uliyopungukiwa na utapangiwa shule ya kufanyia saa zako. Aliye na viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi, asianze hata saa moja, hata isiyolipwa, kabla ya kuzungumza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kuhusu CPT, kibali cha kufanya mafunzo kwa vitendo ukiwa bado masomoni. Ukitumia CPT ya muda wote kwa miezi 12, OPT, yaani kibali cha kufanya kazi inayohusiana na ulichosomea, ya ngazi hiyo ya masomo imekwenda.

Ukiwa shuleni, jifunze jinsi mambo yanavyokwenda huko, kwa sababu yanatofautiana sana na malezi yetu. Binti wa darasa la sita anaingia ofisini, anavuta mkono wa sweta kuficha alama, anakuomba usimwambie mtu. Silika yetu ni kumwita mama mdogo au mzee wa jamii yakamalizwe nyumbani. Sheria inataka vingine: ukishuku mtoto anadhulumiwa, unatoa taarifa kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto, na kumwambia mkuu wa shule pekee kwa kawaida hakukuondolei wajibu huo. Kwa hiyo usimwahidi mtoto siri usiyoweza kuitunza. Mweleze mipaka mapema, kwa upole, kabla hajaanza kusimulia. Soma pia sheria ya FERPA ya mwaka 1974 kuhusu faragha ya kumbukumbu za wanafunzi, na mipango ya 504, yaani ya kuwasaidia shuleni wanafunzi wenye ulemavu.

Mtihani wa cheti na alama za vidole za kuchunguza rekodi ya uhalifu ni mambo mepesi ukilinganisha na hayo. Majimbo mengi hutumia mtihani uitwao Praxis. Texas ina wake, TExES.

Kiswahili chako ni hazina kweli kwenye shule zenye watoto wa Kikongo waliokulia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma. Lakini kwenye usaili uliza waziwazi: shule ina mkalimani? ASCA inapendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 250, na shule nyingi huvuka hapo. Ukigeuzwa mkalimani wa shule nzima, watoto uliowafuata watakukosa.

Ukihamia jimbo jingine, cheti hakihami chenyewe. Mkataba wa NASDTEC, wa majimbo kutambuliana vyeti, hurahisisha maombi, ila jimbo jipya bado linaweza kukudai mtihani au somo la nyongeza. Fomu za saa zako za mafunzo kwa vitendo zisainiwe kila wiki, na nakala zake ubaki nazo wewe mwenyewe, kwa sababu msimamizi hustaafu na chuo hubadilisha mifumo.