Unaombewa na bado unahitaji kaunsela? Fanya hivi

Wapendwa, kuna watu wanateseka kimya makanisani kwasababu wameambiwa ukienda kwa kaunsela basi imani yako ndogo. Sio kweli kabisa. Soma 1 Wafalme 19, Eliya alikaa chini ya mti akaomba afe, Mungu hakumkemea, malaika akamwamsha ale, akala akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala, ndo safari ikaendelea.

Kama huzuni, kukosa usingizi na kukosa hamu ya chochote hata kusali vimekaa wiki 2 au zaidi, nenda ukaonwe. Kwa Tanzania, hospitali za KCMC Moshi na Bugando Mwanza zina mizizi ya kanisa na zote zina huduma za afya ya akili, Dar kuna Muhimbili, Dodoma Mirembe, na mkoani kwako anzia hospitali ya rufaa.

Siku ya kwanza usifiche imani yako. Sema hivi, "mimi ni mlokole, maombi yananisaidia, ila kuna mtu kanisani kaniambia nina pepo na ile kauli inanitesa." Kaunsela mzuri sio lazima awe Mkristo, ila atakusikiliza na imani yako ataitumia kwenye tiba, mfano akikupa kazi ya kuandika mawazo yako jioni unaweza kuandika kama Zaburi ya 13, ile ya "hata lini", unamlalamikia Mungu bila kupamba. Akiidharau imani yako tafuta mwingine. Na anayejiita kaunsela wa Kikristo naye muulize kasomea wapi na siri anatunzaje, upako na mafunzo ni vitu viwili tofauti.

Mchungaji mwambie kiasi unachotaka ajue, alafu mwombe kabisa jambo lako lisitajwe kwenye maombi ya pamoja, maana huko ndo siri nyingi zinavujia.

Dawa za sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoisha, nyingi zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi, usiache ghafla eti umeombewa unajisikia vizuri, rudi kwa daktari ndo apunguze yeye. Ukitaka kufunga mwambie kwanza, kuna dawa kama lithiamu, ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka, mwili ukiishiwa maji inaweza kukudhuru.

Na kama unawaza kujiua usisubiri ibada ya Jumapili wala mkesha, mwambie mtu sasa hivi akupeleke hospitali usiku huohuo, mchungaji aje akuombee hukohuko.