Kujaza Fomu ya Bima ya Mazao: Kila Tarakimu ni Dhamana ya Mkulima

Mara nyingi fomu ya bima ya mazao hujazwa na wakala huku mkulima akijibu maswali kwa mdomo, kisha akatia sahihi bila kuisoma. Nawasihi wakulima waiache tabia hiyo, kwa sababu mwenye sahihi ndiye anayehesabiwa kuwa ametoa maelezo yote, na siku ya kudai fidia kosa la wakala huweza kumwangukia yeye.

Kabla ya kuigusa fomu, kusanya kitambulisho chako, hati ya shamba au mkataba wa kulikodi, kumbukumbu za mavuno ya misimu iliyopita na stakabadhi za mbegu na mbolea. Hakikisha jina lako linafanana herufi kwa herufi katika karatasi zote. Ikiwa shamba bado limeandikwa kwa jina la mzazi aliyefariki, lieleze jambo hilo mapema, wala usingoje ligunduliwe na mkaguzi.

Hatua inayofuata ni kupima shamba, na hapa ndipo makosa mengi huzaliwa. Usikadirie kwa macho. Tumia kamba iliyopimwa au simu yenye GPS (mfumo wa kutambua mahali kwa satelaiti), na uondoe sehemu zisizolimwa kama njia, kichuguu na boma. Shamba lenye upana wa mita 80 na urefu wa mita 150 lina mita za mraba 12,000, yaani hekta 1.2 au karibu ekari 3. Mkulima akiandika 1.2 katika nafasi ya ekari, amekatia bima sehemu ndogo kuliko nusu ya shamba lake; akiandika 3 katika nafasi ya hekta, atalipia eneo asilonalo, na mkaguzi akifika ataonekana mdanganyifu.

Tarehe ya kupanda iandikwe jinsi ilivyokuwa, hata kama ulichelewa, kwa kuwa mikataba mingi huweka kipindi maalumu cha kupanda. Kama umechanganya mazao, taja kila zao. Katika kumbukumbu za mavuno, usiuruke msimu ulioharibika ili wastani upande, maana kiwango cha fidia mara nyingi hukokotolewa kutokana na wastani huo. Kwa bima inayofuata vipimo vya mvua au picha za satelaiti, mahali shamba lilipo panahitaji uangalifu wa pekee: ukiandikishwa eneo lisilo lako, ukame unaweza kukuunguzia mazao huku vipimo vya kule vikionyesha mvua ya kutosha.

Usitie sahihi kwenye fomu yenye nafasi tupu. Ukikosea, kata kwa mstari mmoja, andika jibu lililo sahihi juu yake, kisha utie saini pembeni. Ondoka na nakala.

Janga likitokea, toa taarifa ndani ya muda uliotajwa katika mkataba, piga picha, wala usifyeke wala kulima upya mpaka mkadiriaji wa hasara aone mabaki au akupe ruhusa ya maandishi. Na ukigundua kosa baada ya kuwasilisha fomu, peleka barua ya masahihisho mara moja, kabla hasara haijatokea, ukabaki na nakala yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa.