Jinsi ya kucheki kama kipande chenu cha msitu bado kinajipanda chenyewe

Huku kwetu, Mpwapwa mpaka Kondoa, msitu umebaki viraka viraka, kilima hiki kina miti, bondeni mtama na alizeti, ng'ambo kilima kingine kina miti tena. Ukiwa barabarani unaona kijani unasema msitu upo. Usiangalie majani, inama uangalie chini kama kuna watoto, yaani miche iliyojiotea.

Anza na mti wa matunda yenye nyama, mzambarau mwitu unafaa sana, mkole pia poa. Nenda msimu wa matunda kuanguka. Ukikuta zambarau zimelala chini ya mama yao na nyama yake yote, zimechacha zinanuka kama pombe, inzi tele, ujue walaji, yaani ndege na wanyama wanaokula tunda na kubeba mbegu mbali, hawaji. Mwaka jana niliona kinyesi cha nyani juu ya jiwe kimejaa mbegu za zambarau, safi kabisa utadhani mtu kaziosha, na hapo jirani hamna mzambarau hata mmoja. Najua nyani anatutesa kwenye mahindi, ila hiyo kazi aliyoifanya pale hatuna wa kumlipa aifanye.

Sasa chukua kamba ya mita 50, piga fundo kila mita 10, anzia shinani uivute pande zote nne, na kila upande hesabu miche ya mti huohuo iliyo hatua moja kushoto na moja kulia, andika fundo kwa fundo. Miche yote ikibanana fundo la kwanza halafu mbele hamna kitu, hapo pana shida, maana chini ya mama kuna kivuli, kuvu, panya na wadudu, mingi inakufa bado midogo. Rudia kwa mtalawanda ambao mbegu yake inapeperuka na upepo. Mtalawanda ukiwa na watoto huku na kule na mzambarau hauna, washuku wabebaji kwanza kabla hujalaumu mvua.

Watafiti Cordeiro na Howe waliliandika hili 2001 kutoka milima ya Usambara Mashariki: miche ya aina 31 za miti inayosambazwa na wanyama ilikuwa zaidi ya mara tatu kwenye msitu mkubwa na vipande vya hekta 30 kwenda juu, ukilinganisha na vipande vya hekta 9 kushuka chini, wakati aina 8 za miti ya upepo na ya kudondosha mbegu tu hazikujali ukubwa wa kipande. Kule ni msitu wa mvua na huku kwetu ni kukavu, ila ndege wengi wa msituni wanaogopa uwazi, hawakatizi shamba tupu.

Kwa hiyo wape njia. Fuata korongo linalounganisha vilima viwili, fanya kisiki hai, yaani kila kisiki bakiza machipukizi mawili matatu yaliyonyooka mengine kata, na mkuyu wowote uliopo usiguswe kabisa, popo na hondohondo wanaufuata kutoka mbali. Penye uwazi simika nguzo ya mita 3 yenye kijiti cha kukingama juu, ndege atatua na kuacha mbegu. Chini ya nguzo palilia nyasi na zungushia miiba, bila hivyo mbuzi wanamaliza kila kitu na utasema njia haifai.

Pale pasipofikika na mnyama yeyote panda mwenyewe, ila mbegu ya zambarau haiwekwi stoo, ikikauka imekufa, osha nyama uipande siku hizohizo.