Mzigo wa Ulaya: data zako ziwe tayari kabla kontena haijatoka godauni

Jamani mnaopeleka korosho, karafuu, kahawa na vikapu Ulaya, hii ICS2 isiwakute mmelala. Ni mfumo wa forodha za Umoja wa Ulaya, Norway na Uswisi nao wamo, unaotaka taarifa za usalama za mzigo kabla haujafika kwao. Mizigo yote ya ndege ilibanwa Machi 2023, meli zikaanza Juni 2024, kwahiyo hakuna tena pa kupenyea.

Anayetuma tangazo la hizo taarifa, wenyewe wanaliita ENS, ni kampuni ya meli au fowada wako (wakala anayekusafirishia mzigo), we hutumi kitu. Ila data zote zinatoka kwako, ukiwapa ovyo wanatuma ovyo halafu kontena linalolala bandarini ni lako.

Anza na maelezo ya bidhaa, hapo ndo wengi wanaumia. "General cargo", "food", "samples", hayo yanakataliwa. Kuna mteja aliniletea pakingi listi imeandikwa "handicrafts" basi, namuuliza ndani kuna nini ananiambia vitu vya kawaida tu bosi, tukafungua maboksi tukakuta vikapu vya ukindu, vinyago vya mpingo na sabuni za mwani! Hizo ni HS kodi (namba za kimataifa za aina ya bidhaa, sio kodi ya kulipa) tatu tofauti, vikapu 4602, vinyago 4420, sabuni 3401, na mpingo una mambo yake mengine ya vibali hayo tutayaongea siku nyingine. Ilibidi tukae chini kwenye sakafu ya godauni tuhesabu upya boksi moja moja.

Kodi yenyewe iwe na tarakimu 6 sio 4. Karafuu nzima ni 090710, korosho iliyobanguliwa 080132 (yenye ganda ni 080131, watu wanachanganya sana hizi mbili), kahawa mbichi ya kawaida 090111. Usikopi ya mwaka juzi kwa mazoea, mwulize wakala wako wa forodha.

Halafu mpokeaji. Muombe namba yake ya EORI mapema, ndo inayomtambulisha kwa forodha za Ulaya, inaanza na herufi mbili za nchi, NL, DE na kadhalika. Pia jina kamili la muuzaji na mnunuzi, maana anayenunua sio lazima awe ndo anayepokea mzigo. Anwani za Ulaya ziwe na mtaa, namba, postikodi na mji. Za kwetu ndo kazi, tumezoea S.L.P. na jina la mji basi, we tafuta postikodi yako ya tarakimu 5 uiweke, na usiandike "karibu na sheli" kwenye BL (bill of lading, hati ya mzigo ya kampuni ya meli) tafadhali.

Idadi ya vifurushi, uzito, namba ya kontena na sili visome sawa kwenye invoisi, pakingi listi na BL. Mtu anaandika magunia 320 huku na 302 kule, alafu anashangaa anaulizwa maswali.

Muda sasa. Kontena la kwenda kwa meli, tangazo liende angalau masaa 24 kabla halijapakiwa kwenye meli itakayoingia Ulaya, usihesabu kutoka siku ya kufika Rotterdam. Mzigo wa Dar mara nyingi unabadilisha meli njiani, kwahiyo inayohesabiwa ni ile inayoingia Ulaya, ila kampuni za meli zinataka data mapema zaidi ya hapo kwahiyo fuata deadlaini yao. Na hata kama mzigo unaenda Moroko, meli ikigusa bandari ya Algeciras, Hispania, kwanza, bado ENS inadaiwa. Kwa ndege, data za mwanzo ziende kabla mzigo haujapanda.

Tangazo likishatumwa bado hujamaliza. Forodha wanaweza kuuliza maelezo zaidi, au kutaka mzigo ukaguliwe, au wakasema usipakiwe kabisa. Swali likija jibu haraka, na hapa naongea na nyie mnaozima simu Ijumaa saa kumi jioni: wachia fowada namba ya mtu anayejua kilichomo ndani ya kontena na anayepokea simu Jumamosi.